Sikuzani na Kadi Iliyoungua

Sikuzani Safari alizaliwa Katesh, kwenye nyumba iliyo nyuma ya duka la spea la baba yake, na mpaka leo akiulizwa kwao ni wapi hujibu Katesh, ingawa baba yake alitoka Kondoa na mama yake Singida. Ana miaka thelathini na minne. Aliolewa mara moja, akaachika, akarudi nyumbani na begi moja na kamera. Siku hizi ana chumba cha biashara kwenye barabara ya kwenda stendi, chenye pazia jekundu la kupigia picha na kibao cha bati alichokiandika mwenyewe kwa brashi: PICHA ZA PASIPOTI, HARUSI, KIPAIMARA, MISIBA.

Si mtu wa maneno mengi. Wateja wake humwona akiwa ameinamia kompyuta, mtandio umeteremka mabegani, na wengine hudhani ana maringo. Hana. Kazi yake ni ya macho, na macho yakishughulika mdomo hunyamaza.

Kompyuta yenyewe aliachiwa na kaka yake, Tawakali, ambaye zamani aliitengeneza kwa ajili ya michezo. Watu walikuwa wakiingia dukani kuishangaa tu. Ndani yake kulikuwa na kadi ya grafiki, ile kadi nene inayobeba kazi yote ya picha, na badala ya kupozwa na feni kama nyingine, kadi hiyo ilipozwa kwa maji. Pampu ndogo iliyazungusha kwenye mipira miwili, yakapita juu ya chipu yakibeba joto, yakaenda kupoa kwenye rejeta iliyofungwa ubavuni. Maji yakipungua, Sikuzani aliongeza maji baridi ya betri kutoka duka la baba yake, yale yasiyo na asidi.

Tawakali alipopata kazi Dodoma, alikaa na dada yake mchana mzima akimwelekeza.

"Kiwandani kadi hii huwekewa kufuli la volti," alimwambia. "Mimi nililifungua, ili niweze kuikimbiza kuliko walivyopanga. Kwa hiyo sasa hakuna wa kukuzuia isipokuwa wewe mwenyewe. Mwisho wako ni volti moja nukta sifuri tano. Usivuke hapo."

Sikuzani alicheka. "Volti moja? Betri ya tochi si ina volti moja na nusu?"

"Ndiyo. Lakini betri ya tochi inawasha kitaa kimoja. Hii inalisha mabilioni ya vinjia ambavyo unywele wako mbele yavyo ni gogo. Ukiongeza kidogo, kadi inakimbia. Ukiongeza tena, inakimbia zaidi kidogo tu. Ukiongeza tena, inakufa, na haikuagi."

"Sasa maji ni ya nini, kama hayaikingi?"

"Maji yanaondoa joto, Siku. Hayaondoi volti."

Alikata kipande cha plasta, akaandika 1.05 MWISHO, akakibandika kwenye kioo cha kompyuta. Kwa miaka mitatu Sikuzani hakukigusa.

Mzee Hhando alikuja dukani siku ya Alhamisi, mwezi wa tano, wakati ukungu wa Hanang ulikuwa haujainuka tangu asubuhi. Alitoka Dirma, amefunga blanketi begani, na aliongozwa mkono na binti yake mdogo, Lucia, aliyekuwa na miaka ishirini na mitano hivi.

"Shikamoo, babu," Sikuzani alisimama.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mimi ndiye nimekuja na shida."

Shida yake aliieleza polepole, kwa Kiswahili cha mtu aliyekipata ukubwani. Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikwisha kuzimika, na la kushoto lilikuwa limebaki kama mtu anayechungulia kwenye bomba, nalo bomba lilizidi kuwa jembamba. Daktari alikuwa amempa dawa ya matone na kumwambia kweli yote: yaliyokwisha kupotea hayarudi, na yaliyobaki huenda yasifike mwezi. Sasa alikuwa na binti mwingine, mkubwa wa Lucia, jina lake Verediana. Alifariki miaka miwili iliyopita, kwa homa ya siku nne. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu yake, na simu ikapotea katika hekaheka za msiba. Mumewe alihama na vilivyobaki.

"Nimeanza kumsahau," mzee alisema. "Sauti ninayo. Uso ndio unaniponyoka. Nataka nimwone vizuri kabla jicho halijafunga."

Lucia alitoa simu. Kulikuwa na video moja, ya kwaya ya kigangoni siku ya mavuno. Ilikuwa imetumwa kutoka simu hadi simu mara nyingi mpaka ikachakaa. Verediana alikuwa mstari wa nyuma, uso wake haukuzidi punje ya ngano. Dakika za mwisho alitoka mbele kuimba peke yake, lakini hata hapo alionekana kama mtu aliyesimama nyuma ya kioo chenye mvuke.

Sikuzani alikuwa na programu ya haraka ya kusafisha nyuso, wengi huipenda. Aliupitisha uso wa Verediana humo, na baada ya dakika chache ukatokea kwenye skrini, mkubwa, wazi, unang'aa. Mzee Hhando alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Aligeuza kichwa huku na huku akiutafuta uso ule kwa lile tundu lake dogo la kuonea.

"Huyu ni mtoto wa nani?" aliuliza.

Lucia alishika mdomo. "Siye, dada. Angalia meno. Verediana meno yake yalikuwa ya maji ya kwetu, kama haya yangu." Alifunua meno yake yenye rangi ya chai, kama ya wengi waliokulia maji ya visima vya huku. "Na hapa juu ya nyusi alikuwa na kovu, alipigwa pembe na ng'ombe. Huyu ni mzuri, lakini siye."

Sikuzani aliona haya. Aliijua tabia ya ile programu: isipoona kitu, hukikisia, na hukisia kutokana na nyuso za watu wa mbali ilizofundishwa nazo. Akawaeleza kwamba kuna njia nyingine, isiyokisia. Hiyo hushika picha moja, ikazichungulia picha kumi za kabla na kumi za baada, ikachota chembe ya ukweli hapa na chembe pale, mpaka uso ukakusanyika. Lakini ni nzito. Dakika nne za video zilikuwa na picha elfu sita, na kila moja ingechukua dakika nzima.

"Njooni Alhamisi ijayo," alisema. "Umeme ukinihurumia, nitakuwa nimemaliza."

Alianza Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili. Aliweka volti moja nukta sifuri tano, pampu ikavuma, rejeta ikapata uvuguvugu. Hesabu ilikuwa saa mia moja, yaani Jumanne kabla ya saa sita mchana. Lakini mchana wa Ijumaa umeme ulikatika kwa saa sita nzima, na Jumamosi ukakatika tena, ukarudi jioni. Kazi iliyokwisha kufanyika haikupotea, ila muda ulikwenda. Sikuzani alikaa kwenye kiti cha wateja akiitazama kompyuta iliyonyamaza, akipikicha kidole gumba kama alivyozoea kufanya zamani akimsubiri mumewe.

Jumapili saa tano asubuhi Lucia alipiga simu. Alikuwa analia.

"Dada, baba leo ameingia jikoni akakanyaga jiko la moto. Anasema bomba limeziba karibu lote. Hataki kungoja Alhamisi. Kesho tunakuja."

"Kesho bado, Lucia. Haitakuwa imeisha."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie aje," akasema.

Alipokata simu aliitazama ile plasta. Kisha akafungua mahali pa kuongezea volti, akapandisha hadi moja nukta sifuri nane, na kasi juu yake. Kadi ikakubali. Kipimo cha joto kilisoma nyuzi arobaini na nane. Alipandisha hadi moja nukta moja. Arobaini na tisa. Nje kulikuwa na baridi ya kufunga sweta, na maji kwenye rejeta yalikuwa yakipoa vizuri kuliko siku zote. Moyo wake ukamwambia Tawakali alikuwa mwoga tu. Alipanga mpaka ule akiwa kijana asiye na haraka ya kitu, anayecheza michezo. Akapandisha hadi moja nukta moja tano. Nyuzi hamsini na moja. Picha sasa zilitoka moja kila sekunde hamsini na tano, na yeye, aliyekuwa akihesabu kwa midomo, aliona kama mlima umesogea.

Alienda kuswali adhuhuri, akarudi, akala mkate mkavu amesimama. Saa nane na dakika chache mchana alisikia mlio mdogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Skrini ikawa nyeusi. Harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda, na moshi mwembamba ukatoka pembeni mwa kadi, si pale palipokuwa na maji. Pampu iliendelea kuzunguka. Maji yaliendelea kupita juu ya chipu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alichomoa waya, akakaa sakafuni, akampigia kaka yake.

"Uliweka ngapi?" Tawakali aliuliza baada ya kumsikiliza.

"Moja nukta moja tano."

Tawakali akasema, "Siku, yale maji yanapoza chipu peke yake. Pembeni kuna vile vidude vyeusi vinavyoilisha umeme. Hivyo nilivibandikia vipande vya bati na kifeni kidogo tu. Ukipandisha volti, mzigo unavikuta vyenyewe kwanza."

"Kipimo kilisoma hamsini na moja."

"Kipimo kiko kwenye chipu. Huko pembeni hakuna kipimo. Huenda kulikuwa mia na thelathini, hatuwezi kujua." Akashusha pumzi. "Ilibaki kazi ya saa ngapi?"

"Sitini hivi. Au hamsini na nane."

"Na kwa volti hiyo ulikuwa unapata nyongeza gani? Sehemu nane katika mia, tisa ukibahatika. Ungeokoa saa tano. Mzee alikuwa anakuja kesho, sivyo? Kesho isingefikiwa hata kidogo. Ungeiacha ilivyokuwa, Jumatano asubuhi ungekuwa nayo."

Hesabu hiyo Sikuzani hakuwa ameipiga. Yeye ambaye huhesabu kila kitu, hakuipiga. Na baadaye lilimjia jambo lingine, baya zaidi: kwamba alianzisha kazi mwanzoni mwa video kwa mazoea tu, mahali Verediana alipojificha nyuma ya vichwa vya wenzake. Angeanzia mwisho, pale alipotoka mbele kuimba, uso ungekuwa umepatikana tangu Jumamosi.

Jumatatu saa tatu walifika. Mzee Hhando alikuwa na mguu uliofungwa kitambaa, na safari hii hakuongozwa mkono. Lucia alimshika kiuno.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Yuko tayari?"

"Babu, mashine imeungua. Niliilazimisha. Kosa ni langu."

Alikuwa amejiandaa kugombezwa. Mzee hakumgombeza. Alisimama katikati ya chumba, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza iwapo kuna neno litakalofuata. Lucia ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Sasa, dada, si ungetuambia tusije?"

"Yule wa kwanza unaye?" mzee akauliza.

"Yupi, babu?"

"Yule wa kwanza. Yule mzuri. Nionyeshe."

Ile picha ilikuwa kwenye kompyuta ndogo ya mapajani, anayotengenezea picha za pasipoti. Sikuzani alimtazama Lucia, Lucia akatazama mlango. Akaifungua. Mzee alishika skrini kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka usoni, akaanza kumtafuta kwa jicho lake la kushoto. Alianza kwenye paji, akashuka kwenye pua, akapita shavu hili na lile. Alikaa muda mrefu kwenye mdomo. Wateja wawili waliingia, wakaona, wakatoka bila kuambiwa.

"Haya," alisema mwishowe. "Nimemwona."

Walipokuwa wakitoka, Sikuzani aliwasindikiza mpaka kwenye pikipiki. Mzee aliaga vizuri, akashukuru, akamtakia kazi njema, na kila neno lilimkata.

Angeweza kuishia hapo. Hakuna mtu aliyemdai kitu. Lakini Jumatano alifunga duka, akachomoa diski yenye video na zile picha zilizokwisha kusafishwa, akapanda basi la Arusha kupitia Babati. Alikuwa amesikia habari za fundi mmoja aitwaye Xavery, mwenye mashine mpya kubwa. Xavery aliweka kazi, akamwambia akatafute pa kulala. Kwa mashine ile ilichukua chini ya siku mbili. Ijumaa jioni alimwita, akamgeuzia skrini.

Verediana alikuwa pale. Si mzuri sana. Uso wa mviringo, paji pana, kovu jembamba juu ya nyusi ya kushoto, kilemba kimekaa upande kwa sababu ya haraka ya asubuhi. Alipofungua mdomo kuimba, meno yake yalikuwa ya rangi ya chai, la mbele limempanda jirani yake. Alionekana ana wasiwasi wa kukosea. Sikuzani, ambaye hakuwahi kumjua, alilia mbele ya fundi mgeni, na fundi akajifanya anatafuta waya.

Jumapili alikodi pikipiki mpaka Dirma. Nyumba ya Mzee Hhando iko baada ya korongo, imeezekwa bati, mbele kuna zizi la ng'ombe. Mzee alikuwa amekaa ndani, mbali na dirisha. Alipogeuka kumpokea, jicho la kushoto lilielekea ukutani.

"Tangu lini?" Sikuzani alimnong'oneza Lucia.

"Alhamisi. Aliamka akauliza mbona hakujakucha."

Alhamisi. Sikuzani alifungua kompyuta ndogo mezani, akaweka video. Sauti ya kwaya ikajaza chumba, kisha ya Verediana peke yake, nyembamba, ikitetemeka kwenye mstari wa kwanza. Mzee alitikisa kichwa kwa mwendo wa wimbo. Lucia alipiga magoti mbele ya skrini, akawa anaugusa uso wa dada yake kwa ncha ya kidole, machozi yakimtoka bila sauti.

"Ni yeye, baba," alisema. "Safari hii ni yeye kabisa. Na kovu lake."

"Niambieni anavyoonekana," mzee akasema.

Sikuzani akaanza. Alitaja kilemba kilichokaa upande, na paji, na wasiwasi ulio machoni. Mzee alikuwa akiitikia, ndiyo, ndiyo, alikuwa na haraka yule. Alipofika kwenye meno, mzee akainua mkono.

"Hapana," alisema. "Meno yake yalikuwa meupe."

"Baba," Lucia alisema.

"Meupe. Yamepangika vizuri. Na shavu laini, halina alama. Mimi nilimwona juzi kule Katesh, nilimwona vizuri. Huyo mnayemwangalia sijui ni nani." Akageukia upande aliodhani Sikuzani amekaa. "Mwanangu, usihuzunike. Mashine yako imekosea tena. Ya kwanza ndiyo ilikuwa sawa."

Sikuzani alifungua mdomo kumwambia. Lucia akamtikisia kichwa, mara moja, kwa nguvu. Basi akanyamaza, na wimbo ukaendelea mpaka ukaisha.

Alipokuwa akiondoka, Lucia alimfuata mpaka kwenye korongo. Hakusema mengi. Aliomba tu picha moja ichapishwe, ile ya Verediana akiwa amefungua mdomo, kubwa, ya kuwekwa kwenye fremu.

"Na baba?"

"Baba ana wake," Lucia alijibu, akarudi nyumbani.

Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwao, juu ya kiti anachokaa mzee. Waliomjua Verediana wakiingia husimama, wakashika kifua, wakasema ndiye, ndiye mwenyewe. Mzee Hhando, akisikia wageni, huanza kuwasimulia binti yake alivyokuwa: shavu laini, meno meupe kama maziwa. Wageni huinua macho kwenye fremu, wakamtazama Lucia, wakaitikia.

Haya Sikuzani aliyapata kutoka kwa mwendesha pikipiki wa Dirma. Yeye mwenyewe hajarudi kule.